Shajara ya mradi: kung'oa elektroni ya ayoni hasi kwa mwanga mbele ya ukuta

Lengo la mradi ni kukokotoa jinsi mwanga unavyoing'oa elektroni ya ziada ya H⁻ (atomu ya hidrojeni yenye elektroni mbili badala ya moja) pale ayoni inapokaa umbali d mbele ya ukuta. Kwanza ukuta kamilifu usiopitisha kitu, kisha uso wa metali. Kinachotafutwa ni eneo-shabaha σ, yaani ukubwa wa shabaha ambayo ayoni moja inaiwekea fotoni, kwa kila nishati ya fotoni.

Kila kitu humu kiko katika vizio vya atomu. Umbali wa 1 ni nusukipenyo cha Bohr, nanometa 0.0529, nishati ya 1 ni eV 27.2114, muda wa 1 ni femtosekunde 0.02419. Faida yake ni kwamba kasi ya elektroni na namba yake ya wimbi huwa kitu kimoja: k = √(2E), ambapo E ni nishati inayobaki baada ya elektroni kung'oka.

Siku ya 1. Ayoni peke yake

Hatukuanza na ukuta. Bila jibu sahihi la ayoni tupu, kosa lolote la baadaye litasingiziwa ukuta.

Elektroni ya ziada ya H⁻ imeshikwa kwa uzi mwembamba. Nishati ya kuing'oa iliyopimwa ni eV 0.7542, kwa hiyo mwanga wenye urefu wa wimbi unaozidi takriban nm 1644 haufanyi lolote. Mfano tunaotumia ni wa elektroni moja, na wimbi lake ni Ψ = B·exp(−κr)/r, r ikiwa umbali kutoka kwenye kiini, κ = 0.2355588 na B = 0.31552. Nishati ya kushikwa inakuwa κ²/2 = 0.027744, yaani eV 0.7550. Tofauti na kipimo haifiki hata elfu moja ya eV, na hakuna hatua ya mradi huu inayoiona.

Hapa pana mtego. Ukijumlisha |Ψ|² katika nafasi yote hupati 1, unapata 2.66. Mtu mwenye mkono mwepesi "atairekebisha" B iwe √(κ/2π) = 0.1936, na eneo-shabaha lake litapungua mara 2.66 bila programu kulalamika. B haikuwekwa ili jumla iwe 1. Imewekwa ili mkia wa Ψ ulingane na mkia wa ayoni halisi, na mkia ndio unaozungumza na mwanga. Karibu na kiini umbo hili si la kweli, lakini huko mchango ni mdogo.

Bila ukuta:

σ0 = 16√2·π²·B²·E^(3/2) / [3c(E + κ²/2)³], c = 137.036 (kasi ya mwanga)

Kipeo cha E cha 3/2 ndicho alama ya elektroni inayotoka ikiwa na umbo la p (vipande viwili vinavyotazamana, vyenye ishara kinyume): karibu na kizingiti, yaani nishati ndogo kabisa ya fotoni inayoweza kung'oa, σ0 hupanda polepole kutoka sifuri. Kilele kiko pale E inapolingana na nishati ya kushikwa, fotoni ya eV 1.51 au nm 821 hivi. Thamani hapo ni 1.463 katika vizio vya atomu, sawa na 4.10 × 10⁻¹⁷ cm². Namba hiyo imeandikwa juu ya faili la majaribio. Msimbo usioitoa haupiti.

Siku ya 2. Ukuta kamilifu kwa karatasi na kalamu

Wazo lenyewe halina ugumu. Mwanga unapoing'oa elektroni, wimbi lake hutoka pande zote mbili. Nusu inayoelekea ukutani inagonga, inarudi na kupita tena pale ilipoanzia. Ikirudi ikiwa na awamu inayokubaliana na wimbi linalotoka, kung'oka kunaongezeka. Ikipingana nalo, kunapungua. Ukibadilisha nishati, awamu inazunguka, na juu ya mchoro wa σ vinatokea viwimbi.

Viwimbi vya aina hii vilionekana mwaka 1987 huko Los Alamos, Marekani, ingawa hapakuwa na ukuta. Mwali wa H⁻ wenye kasi kubwa ulipitishwa kwenye uga wa sumaku, na kwa ayoni inayokimbia uga huo huonekana kama uga wa umeme. Uga wa umeme ndio uliokuwa unairudisha elektroni. Mwaka uliofuata M. L. Du na J. B. Delos walivieleza kwa njia ya kwenda na kurudi ya elektroni. Sisi tunaweka ukuta mahali pa uga. Tutarudi kwenye tofauti hiyo, kwa sababu ni kubwa kuliko inavyoonekana leo.

Kwa ukuta mgumu (wimbi ni sifuri ukutani) jibu kamili linapatikana bila kompyuta. Weka a = 2kd.

Mwanga unaotikisika wima kwa ukuta:
σ/σ0 = 1 + 3(sin a/a + 2cos a/a² − 2sin a/a³)

Mwanga unaotikisika sambamba na ukuta:
σ/σ0 = 1 + 3(cos a/a² − sin a/a³)

Kagua ncha. Pale a inapokaribia sifuri, ya kwanza inakwenda 2 na ya pili inakwenda 0. Ina maana: wimbi la p linalotazama ukuta linapata pacha anayelisaidia, na lile lililolala sambamba linapata pacha anayelifuta. Usitumie maumbo haya moja kwa moja a ikiwa ndogo sana, kwa maana namba kubwa zinaondoana na tarakimu zinapotea. Chini ya a = 0.01 tumia 2 − 3a²/10 na a²/10.

Sasa d = 100 (nm 5.3). Kwenye kilele cha σ0, a = 47.1 na kimo cha viwimbi vya wima ni 3/a, asilimia 6.4. Vya sambamba ni 3/a², asilimia 0.14 tu, kwa sababu wimbi la p lililolala halina kitu upande wa ukuta, na njia inayokwenda moja kwa moja na kurudi inapita katikati ya utupu wake. Tangu hapa tunafuata wima pekee.

Safari ya kwenda na kurudi inachukua 2d/k = 849, femtosekunde 20.5. Nafasi kati ya kiwimbi na kiwimbi ni 2π gawanya kwa muda huo: eV 0.201. Kuna kilele karibu na nm 849 (σ/σ0 = 1.066) na bonde karibu na nm 794 (0.938). Katikati yao, kwenye kilele cha σ0 kabisa, uwiano ni 0.998. Anayejaribu msimbo wake kwa nukta hiyo moja ataapa kwamba ukuta haupo.

Siku ya 3. Ishara

Siku nzima imeliwa na alama ya jumlisha.

Hesabu ya njia fupi (wimbi linatoka, linarudi, ongeza awamu 2kd) inabaki na kipande cha 3 sin a/a peke yake. Swali ni ishara yake. Ukuta mgumu unageuza awamu kwa π. Ukuta laini, ule ambao mtelemko wa wimbi ndio sifuri, haugeuzi. Lakini wimbi la p nalo lina ishara kinyume juu na chini, na linaporudi linatazama upande mwingine. Mageuzi mawili yanarudisha jumlisha kwa ukuta mgumu. Ukuta laini unaleta alama ya kutoa. Ukisahau moja kati ya hayo mawili, vilele vyote vinakuwa mabonde na nafasi kati yao inabaki ileile, kwa hiyo jicho haligundui. Kipimo cha haraka ni ukaribu na ukuta: kwa ukuta mgumu na mwanga wa wima, a ndogo lazima ipandishe σ, isishushe.

Njia fupi ina mpaka wake pia. Kosa lake kubwa ni 6cos a/a², yaani sehemu 2/a ya kimo cha viwimbi. Ukitaka kosa chini ya asilimia 5 ya kimo hicho, a izidi 40. Kwenye kizingiti inatoa 4 mahali pa 2. Kwa d = 10 isitumike kabisa.

Siku ya 4 hadi ya 7. Gridi

Uso halisi hauna jibu la karatasi, kwa hiyo tunalisukuma wimbi lenyewe kwa muda. Chanzo ni φ = zΨ, z ikipimwa kutoka kwenye ayoni, yaani B·cosθ·exp(−κr). Kila hatua tunapima mwangwi C(t): wimbi la sasa linafanana kiasi gani na φ ya mwanzo. Kisha

σ = (4πω/c) · sehemu halisi ya ∫ exp(iEt) C(t) dt, kuanzia t = 0, ω ikiwa nishati ya fotoni.

Potenshali ya atomu yenyewe haiwekwi. Wimbi la p halifiki kwenye kiini kiasi cha kuihisi.

Vipimo vilivyobaki baada ya kubadilishabadilisha:
- z kutoka 0 (ukuta) hadi 400, hatua 0.5, ayoni kwenye nodi ya 200 barabara;
- ρ (umbali kutoka kwenye mhimili wa z) hadi 250, hatua 0.5, nukta zikisogezwa nusu hatua ili ρ = 0 isiguswe;
- tabaka la kufyonza (linalomeza wimbi lisirudi kutoka kingo za gridi) kuanzia z = 260 na ρ = 150, likipanda taratibu;
- hatua ya muda 0.5, jumla ya muda 4000, mbinu ya Crank–Nicolson (njia ya kulisukuma wimbi kwa muda hatua kwa hatua), z na ρ kwa zamu.

Hizo ni nukta laki 4. Kwa namba changamano ni takriban MB 6.4, kompyuta yoyote inabeba.

Kabla ya kusukuma chochote, soma C(0). Inapaswa kuwa πB²/(3κ³) = 7.976. Ikiwa nusu, umesahau upande mmoja wa ayoni. Ikiwa mbali kabisa, uzito wa 2πρ haumo kwenye jumla. Ukaguzi huu wa mstari mmoja unakamata makosa mengi kuliko michoro yote.

Makosa yaliyobaki ni ya aina tatu.

La kwanza ni hatua ya gridi. Mpindo wa wimbi unakokotolewa kwa tofauti za nukta tatu za jirani, na hizo zinairefusha k kwa sehemu (kh)²/24, h ikiwa hatua ya gridi. Kwa h = 0.5 na k = 0.2356, a inakosea rediani 0.027, haina neno. Kwa E = 0.1 (k = 0.447) inakosea 0.19, inaonekana. Kwa h = 1 kosa hilo linakuwa mara nne, rediani 0.75, na viwimbi vya juu vinasogea upande wa nishati ndogo kana kwamba ukuta umekwenda mbali. Atakayelinganisha na kipimo atalaumu d. Dawa ni kupunguza h, au kuongeza nukta za tofauti kutoka tatu hadi tano.

La pili ni muda. Elektroni yenye k = 0.05 inahitaji 4000 kwenda na kurudi. Kwa hiyo chini ya E = 0.00125, eV 0.034 juu ya kizingiti, mchoro hauna habari ya ukuta, na kukata C(t) ghafla kunaongeza viwimbi vya uongo. Tunazidisha C(t) kwa mteremko laini unaofika sifuri mwishoni, na eneo hilo tumelipaka kijivu kwenye mchoro. Lisisomwe.

La tatu ndilo lililosumbua zaidi: tabaka la kufyonza halifyonzi elektroni za polepole. Wimbi la k = 0.06 lina urefu wa 105. Tabaka fupi kuliko hapo ni kwake ukuta wa pili, na linarudisha viwimbi vinavyofanana kabisa na vile tunavyovitafuta. Kwenye mchoro wa nishati huwezi kuvitenganisha. Njia iliyofanya kazi ni kuchukua σ/σ0 − 1, kuizidisha kwa k, kuiandika dhidi ya k badala ya E, halafu kuipitisha kwenye geuzo la Fourier, hesabu inayotenganisha viwimbi kulingana na wepesi wa kujirudia kwao. Kila njia ya kwenda na kurudi inakuwa kilele kwenye urefu wake: ukuta wa kweli kwenye 200, tabaka la z kwenye 320, la ρ kwenye 300. Tuliongeza unene wa tabaka hadi vilele viwili vya uongo vikazama. Ukitaka uhakika, sogeza mwanzo wa tabaka kwa 20. Kilele cha uongo kitasogea kwa 40, cha kweli kitabaki palepale.

Siku ya 8. Metali si ukuta

Mbele ya metali elektroni inavutwa na chaji taswira yake, yaani chaji kinyume inayoizusha ndani ya metali: potenshali −1/(4z). Ayoni yenyewe inazama kwa 1/(4d), kwa hiyo kizingiti cha kutoka kabisa kwenda mbali kinapanda kwa kiasi hicho: kwa d = 100 ni eV 0.068, kwa d = 10 ni eV 0.68. Ila nishati ya mwendo pale elektroni inapozaliwa haibadiliki, ni fotoni kutoa 0.755, maana ayoni na elektroni vimezama pamoja. Wengi wanaihesabu zamisho mara mbili hapa.

Elektroni inaongeza kasi kadiri inavyokaribia uso. Tukiikata potenshali kwenye z = 1 na kuweka kioo (ukuta mgumu unaorudisha wimbi) hapo, awamu ya kwenda na kurudi kwa k = 0.2356 inatoka 46.6 hadi 52.6. Ongezeko ni rediani 5.9, na duru nzima ni 6.28. Bahati mbaya ya aina yake: viwimbi vimesogea karibu kiwimbi kizima, kwa hiyo mchoro wa metali na wa ukuta mtupu unakaribia kulaliana, na mtu anaweza kuhitimisha kwamba chaji taswira haina maana. Nafasi kati ya viwimbi ndiyo inayosema kweli. Muda wa safari umeshuka kutoka femtosekunde 20.3 hadi 18.5, na nafasi imepanuka kutoka eV 0.203 hadi 0.223. (Hiyo 0.203 ni kwa kioo kilichoko z = 1, ndiyo maana si 0.201 ya siku ya 2.) Tangu leo ripoti za mradi zinataja nafasi kwanza, mahali pa vilele baadaye.

Kurudishwa nako hakuna dhamana. Metali inairudisha elektroni ikiwa tu nishati yake imeangukia kwenye pengo la bendi, yaani nishati ambazo elektroni haiwezi kuwa nazo ndani ya metali, kwa upande inakoelekea. Shaba ni mfano mzuri kwa sababu uso wake mmoja hautabiri mwingine. Kwenye Cu(100) (Cu ni shaba, namba inataja fuwele imekatwa kwa upande gani) nishati ya elektroni huru iko ndani ya pengo, na pengo linaendelea hadi takriban eV 3 juu yake. Elektroni zetu zote zinarudi. Kwenye Cu(111) nishati hiyo iko juu kidogo ya ukingo wa pengo, kwa hiyo elektroni inazama ndani na sehemu ndogo tu inarudi. Hata ndani ya pengo awamu ya kurudishwa si π thabiti, inatembea kwa π kutoka ukingo hadi ukingo.

Umbo lililobadilishwa, bila chaji taswira: σ/σ0 = 1 − 3·sehemu halisi ya ∫u²R(u)exp(iau)du, u kutoka 0 hadi 1, u ikiwa kosini ya pembe na R ikiwa kimo na awamu ya wimbi linalorudishwa na uso. Weka R = −1 na ukuta mgumu unarudi. Hilo ni jaribio la lazima kabla ya kuweka R yoyote ya metali.

Karibu zaidi na uso elektroni haisubiri fotoni. Inavuja kwenda kwenye nafasi tupu za metali, na uvujaji huo unafifia takriban kwa exp(−2κd). Kwa d = 100 kipeo ni −47, sahau. Kwa d = 10 ni −4.7, na ayoni inaweza kupotea kabla mwanga haujafika. Cu(100) inachelewesha uvujaji kwa sababu pengo lake limeziba njia ya wima, ile iliyo fupi.

Siku ya 9. Umbali unapotawanyika

Hadi hapa kila ayoni ilikuwa kwenye d = 100 kamili. Tukiacha umbali utawanyike kwa upana s, kimo cha viwimbi kinazidishwa na exp(−2k²s²). Kwa s = 2 kinabaki asilimia 64. Kwa s = 5, nanometa 0.26 tu, kinabaki asilimia 6, na kiwimbi cha asilimia 6.4 kinashuka hadi 0.4. Ngazi moja ya atomu kwenye Cu(100) ina kimo cha 3.4, peke yake inageuza awamu kwa rediani 1.6, robo ya duru.

Mwali wa ayoni hauvumilii hesabu hii. H⁻ ya keV 1 ina kasi ya 0.2. Ikiukaribia uso kwa pembe ya nusu nyuzi inasogea 1.5 wakati elektroni iko safarini, hilo linavumilika. Lakini ikisafiri mikrometa moja tu mbele ya uso, d yake inabadilika kwa nanometa 8.7, yaani 165. Doa la leza lenye upana wa mikrometa kadhaa litajumlisha kila umbali kwa mkupuo mmoja na viwimbi vitafutika.

Hapo ndipo tofauti ya siku ya 2 inapojitokeza. Katika uga wa umeme F elektroni inageuka kwenye umbali E/F kutoka kwa ayoni yake yenyewe, popote ayoni ilipo. Ayoni milioni zilizotawanyika zina njia ya urefu mmoja. Ukuta umesimama mahali pake na kila ayoni ina urefu wake. Mipango ya kupima viwimbi vya uso kwa mwali inayonakili mpangilio wa 1987 na kubadilisha kioo pekee inaruka jambo hili.

Kwa hiyo faili la matokeo lina safu mpya: s, kuanzia 0 hadi 6 kwa hatua 0.5, kwa d za 40, 60, 80 na 100. Kusogea karibu kunakuza kimo (3/a kwa d = 40 ni asilimia 16) ila hakupunguzi adhabu ya s hata kidogo, kwa sababu d haimo kwenye kipeo. Kinachoipunguza ni k ndogo: kwa k = 0.1 na s = 5 kinabaki asilimia 61 badala ya 6. Huko chini σ0 imeshuka hadi takriban thuluthi moja ya kilele chake, biashara inayolipa. Zamu inayofuata ya gridi imewekwa kati ya E = 0.002 na 0.010, muda 6000, tabaka la kufyonza lenye unene wa 200, R ya Cu(100).